Jenerali Ana Jina, Askari Hawana: Uhakiki wa Filamu ya A Bridge Too Far

Filamu ya A Bridge Too Far, yaani daraja lililo mbali kupita kiasi, ilitoka mwaka 1977, kabla wanafunzi wetu wengi hawajazaliwa. Iliongozwa na Richard Attenborough kutokana na kitabu cha Cornelius Ryan cha mwaka 1974, nayo huchukua karibu saa tatu. Inasimulia mapigano ya Septemba 1944 nchini Uholanzi, ambapo askari wa Uingereza, Marekani na Polandi walishushwa kwa miavuli na kwa ndege zisizo na injini nyuma ya majeshi ya Wajerumani, ili wateke madaraja hadi lile la Arnhem kwenye mto Rhine. Mpango ulishindwa. Kati ya askari wapatao 10,000 waliopigana ng'ambo ya kaskazini ya mto huo, waliovushwa kurudi hawakufika 2,500.

Ni filamu nzuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Ni nadra kwa filamu ya gharama kubwa namna ile kuthubutu kusimulia kushindwa kwa upande wa watengenezaji wake. Hata hivyo, nadai kwamba filamu hii inawakumbuka askari wa miavuli wa Polandi kwa namna inayowasahaulisha. Imempa jenerali wao sura, jina na ulimi mkali, kisha ikaridhika kwamba deni limelipwa.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Brigedi Huru ya Kwanza ya Miavuli ya Polandi iliundwa Uskoti mwaka 1941, chini ya Stanisław Sosabowski. Nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wajerumani na Wasovieti tangu 1939, na baadhi ya askari hao walikuwa wametoka katika kambi za Kisovieti. Waliundwa kwa kazi moja tu, yaani kuruka juu ya Polandi siku ambayo wananchi wangeinuka dhidi ya Wajerumani. Kaulimbiu yao ilikuwa na maana ya "kwa njia iliyo fupi kuliko zote", na kila askari alijua njia hiyo inaelekea wapi. Mwaka 1944, kwa shinikizo la Waingereza, brigedi ikawekwa chini ya amri yao. Tarehe 1 Agosti wananchi wa Warsaw wakainuka. Askari wa brigedi wakataka wapelekwe huko. Wengine walifikia hata kukataa chakula. Hawakupelekwa. Mwana wa Sosabowski mwenyewe alikuwa akipigana Warsaw, na humo alipoteza macho yake. Wiki chache baadaye baba yake aliamriwa kuruka Uholanzi.

Msomaji akiwa na habari hiyo, kila onyesho la Wapolandi katika filamu hubadilika maana. Filamu, lakini, haitupeleki Warsaw. Sosabowski, anayeigizwa na Gene Hackman, anatokea kwanza kwenye mkutano wa kupanga mashambulizi. Wengine wanatikisa vichwa kukubali. Yeye amekaa kimya amenuna. Anapoulizwa maoni yake, anainuka na kwenda kuikagua sare ya mkubwa anayezungumza, eti ahakikishe yuko upande gani. Watazamaji hucheka, nami nilicheka. Lafudhi ya Hackman imechekwa zaidi, lakini hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba onyesho hili linamfanya Sosabowski kuwa mhusika wa aina tunayoifahamu vizuri katika fasihi simulizi: mzee mkorofi anayetabiri maafa na hasikilizwi. Tukishamtambua kwa sura hiyo, hatuulizi tena kwa nini ana wasiwasi. Tunadhani ni tabia yake. Kumbe Sosabowski wa kweli alikuwa na hesabu mkononi. Mapema Septemba, katika mpango mwingine uliofutwa baadaye, alidai apewe amri kwa maandishi, kwa kuwa hakutaka watu wake wafe kisha isijulikane nani aliyewatuma.

Baada ya hapo tunaona ukungu. Brigedi ilipaswa kuruka tarehe 19 Septemba, ila viwanja vya ndege vya Uingereza vilifunikwa na ukungu hadi tarehe 21. Siku hiyo ziliondoka ndege 114, na 41 kati yake zikaitwa zirudi njiani kwa sababu ya hali ya hewa. Watu wapatao 1,000 waliruka karibu na kijiji cha Driel, upande wa kusini wa mto, huku wakipigwa risasi wangali angani. Kivuko walichoahidiwa hakikuwapo. Waingereza waliozingirwa walikuwa ng'ambo, na mto ulikuwa katikati. Usiku baada ya usiku Wapolandi walijaribu kuvuka kwa mashua chache za mpira, Wajerumani wakiumulika mto kwa fataki za mwanga. Waliofika ng'ambo usiku wa kwanza walikuwa hamsini na kitu. Waliouawa katika brigedi yote wakati wa operesheni hiyo walizidi 90.

Attenborough ameuonyesha uvukaji huo, na ameuonyesha vizuri. Nani wamo ndani ya mashua, hata hivyo? Wapo watu wengi wenye kofia za chuma. Hakuna hata mmoja ambaye tumekwisha kumsikia akizungumzia nyumbani kwao, akigombana na mwenzake au akiomba sigara. Linganisha na onyesho jingine la filamu hiyo hiyo, ambalo naliona kuwa bora kuliko yote. Askari mmoja wa Kiingereza anatoka mafichoni kukimbilia kasha la mahitaji lililodondoshwa na ndege. Wenzake wanampigia kelele za kumtia moyo. Analipata, anageuka, anapigwa risasi. Kasha linapasuka, na ndani yake hamna risasi wala chakula, bali kofia nyekundu za sare. Hatumjui jina askari yule, lakini tumepewa dakika moja nzima ya kumtakia heri, kwa hiyo kifo chake kinatuuma. Msanii aliyeweza kulifanya hilo kwa Mwingereza asiye na jina alishindwa nini kulifanya kwa Mpolandi mmoja?

Mtu anaweza kunijibu kwamba filamu ina wahusika wengi mno na haiwezi kumpa kila mtu dakika yake. Jibu hilo lina nguvu. Aidha, ni haki kusema kwamba filamu ilimtetea Sosabowski wakati ambapo wakubwa wengi walikuwa bado hawataki kumtaja. Tatizo langu ni mahali inapokomea. Hadithi inafungwa mwishoni mwa Septemba 1944, na kwa Wapolandi sehemu chungu kuliko zote ilikuwa haijaanza. Tarehe 17 Oktoba, Montgomery, aliyekuwa mwenye mpango, aliandika barua kwa mkuu wake London akidai kwamba brigedi ya Polandi ilipigana vibaya. Mwezi Novemba Browning, kamanda wa Sosabowski, naye akaandika akimlaumu na kutaka aondolewe. Desemba akaondolewa. Jenerali aliyeuonya mpango akabebeshwa lawama za mpango. Kiswahili kina neno lake kwa mtu wa namna hiyo, nalo ni bangusilo. Wanafunzi hulikuta kamusini na kudhani halina kazi. Baada ya vita hakuweza kurudi katika Polandi iliyokuwa chini ya Wakomunisti, akaishia kufanya kazi ya ghala katika kiwanda kimoja London hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1967, miaka kumi kabla filamu haijatoka.

Hapa sisi wa lugha tuna la kusema. Mwandishi anayetaka kulieleza tukio hili kwa Kiswahili atajikuta akichagua kati ya "kujitoa mhanga" na "kutolewa kafara", na uchaguzi huo si wa mapambo. Katika la kwanza, kiambishi -ji- kinamrudishia mtenda uamuzi wake: yeye ndiye mtoaji na yeye ndiye kinachotolewa. Katika la pili, kauli ya kutendwa inaficha mkono wa aliyetoa. Hotuba za kumbukumbu hupenda la kwanza, kwa kuwa halimshtaki mtu. (Tangu milipuko ya Kampala ya Julai 2010 neno hilo nalo limechafuka, kila anayelisikia redioni hufikiria mabomu kwanza.) Kwa askari wa Driel hakuna neno moja kati ya hayo linalotosha. Kwa ajili ya Warsaw walijitoa. Kwa ajili ya Arnhem walitolewa. Sosabowski mwenyewe alikipa kitabu cha kumbukumbu zake, kilichochapishwa mwaka 1960, jina la Freely I Served, yaani nilitumikia kwa hiari yangu. Nalisoma jina hilo kama jibu la mtu aliyenyang'anywa hiari, naye angali akiidai. Filamu haikuupa mgongano huo nafasi, nami naona ndio uliokuwa moyo wa kisa chote.

Kwa sisi tunaofundisha Uganda, Wapolandi hawa si wageni kama tunavyodhani. Katika miaka hiyo hiyo ya vita, maelfu ya wanawake na watoto wa Kipolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti walifika Afrika Mashariki kupitia Iran. Walipewa makambi Tengeru karibu na Arusha, na hapa kwetu Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, Masindi, ambako kanisa walilolijenga bado lipo. Makaburi yao yako sehemu zote hizo. Waliokuwa Masindi na walioruka Driel walitoka katika mkasa mmoja, wengine wakapewa jembe na wengine mwavuli. Mwalimu wa fasihi linganishi aliye Masindi au Mukono anaweza kuwapeleka wanafunzi makaburini asubuhi, na mchana akawaonyesha filamu. Nashauri awape zoezi moja jepesi: wahesabu wahusika wenye majina kwa kila taifa, kisha waandike kwa Kiswahili usiku mmoja wa uvukaji kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ya askari wa Kipolandi aliye ndani ya mashua. Wapewe uhuru wa kumbunia jina.

Uholanzi ilisubiri muda mrefu. Tarehe 31 Mei 2006 Malkia Beatrix aliitunuku brigedi nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi hiyo, na Sosabowski akapewa yake baada ya kufa. Mwaka huo huo mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa Driel. Waliochanga fedha za kuujenga walikuwa maveterani wa Kiingereza waliopigana Arnhem, wazee wa miaka themanini na zaidi, ambao hawakuwa wamesahau ni akina nani waliojaribu kuvuka mto kuwafuata.