Tutaonana, Mungu Akipenda

Jumapili ya tarehe 5 Aprili 2020, saa mbili usiku, Malkia Elizabeth alilihutubia taifa la Uingereza kutoka Windsor. Mimi nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni, katika nyumba ya kupanga kaskazini mwa nchi hiyo, ambako nasomea shahada ya uzamili. Mwenzangu wa nyumba, muuguzi kutoka Nyeri, alisikiliza akiwa ameketi ngazini, viatu vya kazi mkononi. Hakutaka mtu amkaribie kabla hajaoga. Hotuba ilichukua dakika nne na ushei. Ilipokwisha alisema, "Huyu mama anajua kuongea," akaenda bafuni.

Ni kweli, anajua. Maktaba zimefungwa tangu Machi, na katika majira haya ya machipuko nimeisoma hotuba hiyo kuliko kitabu chochote. Uzuri wake wa kwanza ni ufupi. Wiki zile tulilishwa grafu kila jioni. Yeye hakutaja idadi ya wagonjwa wala ya waliokufa. Alikiri kwamba hali ni ngumu, akawashukuru wahudumu wa afya na wale waliobaki majumbani, kisha akarudi mwaka 1940. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka 14, akizungumza redioni pamoja na dadake mdogo na watoto waliohamishwa makwao kwa ajili ya usalama wao. Akamaliza kwa ahadi kwamba watu wataonana tena, maneno ambayo Mwingereza wa umri fulani huyasikia kwa sauti ya Vera Lynn, aliyeurekodi wimbo huo mwaka 1939.

Tumaini la hotuba limejengwa hivyo: tuliwahi kustahimili, basi tutastahimili tena. Ni hoja yenye nguvu, lakini yote inategemea nani yumo ndani ya hiyo "tu-". Kufikia jioni ile, madaktari wa kwanza kuuawa na korona nchini humo walikuwa wameshafariki: Habib Zaidi, Adil El Tayar, Amged el-Hawrani, Alfa Saadu. Wote walikuwa na asili ya Asia au Afrika. Hotuba iliwashukuru watu kama wao, lakini ilipofika kwenye nidhamu, utulivu na kuhurumiana, ilivitaja kama sifa ambazo bado zinalitambulisha taifa hili. Hapo ndipo ninapoachana nayo. Ustahimilivu unageuzwa kuwa urithi, na urithi huwa na warithi wanaojulikana kwa majina.

Siku iliyofuata nilimpigia nyanya simu. Kenya nayo ilikuwa na kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilipomweleza habari za malkia, alicheka. Elizabeth alikuwa Kenya babake alipofariki Februari 1952. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa, na baadaye nyanya akahamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, akiwa na umri uleule wa miaka 14. "Kafyu niliijua kabla yako," aliniambia. Kisha akaniaga kama anavyoniaga siku zote: tutaonana, Mungu akipenda.

Sharti hilo dogo halimo katika hotuba. Simlaumu malkia, taifa lenye hofu haliliwazwi kwa "huenda". Lakini nyanya hapunguzi tumaini anapoliweka sharti. Anakumbuka kwamba wapo waliosema "tutaonana" na hawakuonana.

Wiki ile mwenzangu alianza kukohoa. Kwa siku 11 nilimwachia chakula mlangoni pa chumba chake na kusimama pale nikisikiliza pumzi zake. Bibi mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, ambaye hatukuwa tumewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alianza kutuletea supu. Aliiweka kizingitini, akarudi nyuma hadi barabarani, kisha akauliza kwa sauti kama mgonjwa amekula. Siku moja nami nikamuuliza, kwa sauti vilevile, kama aliisikia hotuba. Akasema yeye alikuwa mmoja wa watoto wale waliohamishwa. Nilingoja hadithi ya ushujaa. Alichokumbuka ni kwamba alikojoa kitandani mwaka mzima, na mwanamke asiyemjua alifua mashuka yale kila asubuhi bila kumwambia mtu.

Tangu siku hiyo naisoma hotuba kwa namna nyingine. Mwaka 1940 wa malkia ni taifa lililosimama imara. Mwaka 1940 wa jirani yangu ni mtoto aliyevunjika moyo na mgeni aliyemfulia mashuka. Wa kwanza huwezi kuuingia kama hukuzaliwa ndani yake. Wa pili unaweza kuuingia leo, ukiwa na ndoo ya maji au bakuli la supu, uwe umetoka Nyeri au Khartoum.

Mvumilivu hula mbivu, tunasema, ila methali haielezi nani anayezigawa. Kwa wiki 10, kila Alhamisi saa mbili usiku, mtaa wetu uliwapigia wahudumu wa afya makofi na sufuria. Muda huohuo, wauguzi waliotoka ng'ambo kwa viza za kazi walikuwa wakitozwa pauni 400 kwa mwaka ili waweze kutibiwa katika huduma ileile wanayoihudumia. Tarehe 20 Mei waziri mkuu aliitetea ada hiyo bungeni. Kesho yake, baada ya kupingwa hata na baadhi ya wabunge wa chama chake, serikali ikasema itawaondolea wahudumu wa afya. Mimi nilisikia tumaini zaidi katika tangazo hilo kavu la serikali kuliko katika makofi yote, kwa sababu liliwaingiza watu ndani ya "tu-".

Sasa ni Juni 2020. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema nchi haijawahi kupata majira ya machipuko yenye jua kiasi hiki tangu waanze kuweka rekodi, na mengi ya jua hilo tuliliona dirishani. Mwenzangu amerudi kazini. Asubuhi hii alikuwa ameinama ngazini akifunga kamba za viatu.

"Tutaonana jioni," nilimwambia.

"Mungu akipenda," alijibu, akatoka.