Mahubiri ya Dominika katika Fasihi Simulizi Yetu

Wahakiki wa fasihi simulizi yetu wameshughulikia sana ngano, methali, nyimbo za jando na unyago, na tenzi. Mahubiri yamesahauliwa, ingawa kila juma wananchi wengi huketi kimya kumsikiliza mtu mmoja akiwafafanulia hadithi kwa Kiswahili. Makala haya hayakusudii kupima ukweli wa imani ya mtu yeyote, kwani hiyo si kazi ya mhakiki. Yanakusudia kupima sanaa: je, mhubiri anaitumiaje hadithi aliyokabidhiwa?

Tofauti na msimulizi wa ngano, mhubiri wa Kikatoliki hachagui hadithi yake. Mpango wa masomo uliotokana na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ambao ulianza kutumika mwishoni mwa mwaka 1969, huzunguka kwa miaka mitatu. Mwaka A husomwa hasa Injili ya Mathayo, Mwaka B ya Marko, na Mwaka C ya Luka. Yohane hupewa nafasi kubwa katika Kwaresima na Pasaka. Hivyo mwumini aliyehudhuria kwa miaka 30 amekwisha kuusikia mfano wa mpanzi katika Dominika mara kumi hivi. Hadhira inaujua mwisho wa kisa kabla fanani hajafumbua kinywa. Basi ubora wa mahubiri hauwezi kutokana na mshangao wa kisa. Sharti utokane na jinsi kisa kinavyokutana na maisha ya wasikilizaji.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, ni mazingira. Desena nyingi za Noeli zimerithiwa kutoka Ulaya, ambako Desemba ni mwezi wa baridi na wa siku fupi, na nuru katika giza ni jambo linaloonekana dirishani. Kwetu, kusini ya Ikweta, Desemba jua ni kali na mchana ni mrefu kidogo kuliko usiku. Mhubiri anayesimulia giza la Desemba ameazima picha ambayo wasikilizaji wake hawana. Lakini kalenda hiyo hiyo ina zawadi kwa mwenye macho. Katika Mwaka B, Dominika ya 5 ya Kwaresima husomwa maneno ya Yohane juu ya punje inayokufa ardhini ili izae. Dominika hiyo huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati wakulima wa sehemu zenye masika, kama vile Kilimanjaro na Tanga, wanapopanda. Msikilizaji ameiacha mbegu shambani jana tu. Mfano wa mpanzi, kwa upande mwingine, husomwa katikati ya Julai ya Mwaka A, wakati mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanavunwa. Huko mhubiri stadi ataanzia kwenye gunia: ni kipande kipi cha shamba kilichozaa, na kipi kilichomsaliti mkulima?

Kipimo cha pili ni kizito zaidi. Dominika ya 4 ya Kwaresima, Mwaka C, husomwa mfano wa mwana mpotevu. Luka haumalizi mfano huo ndani ya karamu. Anaumalizia nje, baba akimbembeleza mwana mkubwa, wala hatuambiwi kama aliingia. Kimya hicho ndicho kilele cha sanaa yake. Wahubiri wengi hukimbilia kukiziba: hutangaza kwamba mkubwa ni mwenye wivu, mdogo ni mlevi, na kila mtu huenda nyumbani akiwa amekwisha kumpa jirani yake nafasi katika hadithi. Lakini katika viti vile wamo waliobaki kijijini kuuguza wazazi na kulima shamba, huku ndugu yao akitapanya mjini, kisha akarudi kudai fungu. Malalamiko yao si wivu mtupu. Mhubiri anayemwacha mwana mkubwa aseme kwa nguvu zake zote, kisha akanyamaza pale Luka aliponyamaza, amewategea wasikilizaji kitendawili ambacho kila mmoja sharti akitegue mwenyewe.

Wako watakaopinga kwamba mimbari ni mahali pa mafundisho dhahiri, wala si mahali pa mafumbo. Hoja hiyo ina uzito, maana watu huja kutafuta mwongozo. Hata hivyo, katika mfano wa Msamaria mwema, Yesu mwenyewe hakutoa jibu. Alimrudishia mwuliza swali, akamfanya alijibu kwa kinywa chake. Fundisho halikupotea kwa sababu ya njia hiyo. Lilipata mwenyewe.

Walimu wa fasihi wanaweza kuwaagiza wanafunzi waandike muhtasari wa mahubiri waliyoyasikia, na wanafunzi Waislamu hotuba ya Ijumaa, kisha wajiulize: picha za lugha zimetoka wapi? Ni nani katika kisa amenyimwa sauti? Msikilizaji ameachiwa kazi gani? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo hatalala katika mkutano wa hadhara, wala hatapiga makofi kabla ya kuelewa.