Hongera, mabinti wa Thika

Ukishuka kutoka Nyeri kwenda Nairobi, unapita Thika. Hapo, na pia Nairobi na Kisumu, Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na wenzake walitaka kujua: je, sindano moja ya chanjo ya HPV yatosha? Wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea. Theluthi moja walidungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo badala ya ile ya HPV, ili kulinganisha, na hakuna aliyejua amepata ipi. Hata hivyo walirudi kliniki, miadi baada ya miadi. Moyo huo naupongeza! Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi sugu ya virusi vya HPV vinavyoongoza kwa kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022, WHO ikaikubali dozi hiyo moja. Leo binti wa Karatina anakunja mkono wa sweta mara moja tu, anarudi darasani.