Mwendo wa Salamu: Kwa Baiskeli katika Migongo ya Nyamira

Ukitaka kujua ardhi ya Wagusii ilivyoumbwa, usiitazame kupitia dirisha la matatu. Matatu hufuata lami ya Kisii hadi Chemosit kupitia Nyamira, na abiria wake huona maduka, matuta ya barabarani na nyuma ya gari lililotangulia. Panda baiskeli pale Sironga, iache lami, uingie njia ya murram inayopita kati ya mashamba ya chai. Haupiti muda mrefu kabla kelele za magari hazijakatika, ukabaki na mlio wa mnyororo, ng'ombe aliyefungwa kamba kando ya njia, na sauti za wachumaji wakiitana kutoka mteremko mmoja hadi wa pili. Kuendesha baiskeli mwendo mrefu katika njia kama hizi ni ufundi. Mchongaji wa Tabaka hulisoma jiwe kabla ya kuligusa kwa patasi. Mwendeshaji naye huisoma ardhi kabla ya kukanyaga pedali.

Somo la kwanza ni umbo la nchi. Kaunti ya Nyamira ni migongo na mabonde. Nyumba, shule na makanisa mengi yako juu. Vijito na vinamasi viko chini, kikiwemo kile cha Sironga. Ndiyo maana njia zake ni za namna mbili: zinazofuata mgongo wa kilima na zinazokata bonde. Ya mgongoni ni ndefu, lakini hupanda na kushuka kwa upole. Ya bondeni huonekana fupi, kisha hukushusha hadi mtoni na kukudai jasho lako lote ng'ambo ya pili. Mgeni huchagua iliyo fupi. Mjuzi huuliza mgongo unaelekea wapi, na yuko radhi kukizunguka kilima kizima ili asiupoteze urefu alioupanda kwa taabu.

Somo la pili ni udongo na mvua. Udongo wa huku ni mwekundu na wa kina kirefu, na mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Asubuhi mara nyingi huwa angavu. Mchana mawingu hukusanyika, na alasiri mvua hushuka, pengine ya mawe. Safari njema basi huanza umande ukiwa bado juu ya majani ya chai. Udongo ukiwa mkavu hushika tairi vizuri. Ukilowa huteleza, na hujaa kati ya gurudumu na bati la kuzuia matope hadi gurudumu likatae kuzunguka. Hapo anayejua hupita kwenye nyasi za kando, au hushuka akasukuma. Tairi hujazwa upepo pungufu kidogo kuliko ule wa lami, ili likumbatie kokoto badala ya kurukaruka juu yake. Breki hubanwa kabla ya kona, si ndani ya kona, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, huku mwili ukisogea nyuma na macho yakitafuta mifereji iliyochimbwa na maji yakivuka njia.

Somo la tatu ni saa za njia yenyewe. Njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Zinatunzwa ili majani ya chai yafike kiwandani yangali mabichi, kwa kuwa jani lililochumwa leo halingoji. Tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ianzishwe mwaka 1964, wakulima wenye vishamba vidogo wamekuwa wakipeleka majani kwenye vituo vya kununulia, na malori yakiyabeba kutoka hapo hadi viwanda kama Kebirigo na Sanganyi. Lori ndilo gari kubwa utakalokutana nalo, na lina ratiba. Uliza kituoni litapita lini, nawe utaipata njia ikiwa wazi saa zote zinazosalia.

Kuna watu waliolazimika kuzitafuta upya njia za namna hii. Wafaransa wanazo leo kilomita nyingi za njia zisizo na magari, zikipita kando ya mifereji ya maji na juu ya matuta ya reli zilizokufa. Mojawapo ya zile za mwanzo, kati ya Givry na Cluny katika eneo la Burgundy, ilifunguliwa katika miaka ya 1990 mahali ambapo treni zilikuwa zimekoma kupita. Katika nchi hiyohiyo aliishi Paul de Vivie, aliyejulikana zaidi kwa jina la Vélocio. Alizaliwa mwaka 1853, akaishi Saint-Étienne, mji uliozungukwa na milima, na mwaka 1887 akaanzisha jarida la waendesha baiskeli. Milima ilimfundisha kwamba gia moja haitoshi. Alitetea baiskeli za gia nyingi wakati waandaaji wa Tour de France waliziona kuwa msaada kwa wanyonge. Gia za kubadilisha mnyororo hazikuruhusiwa katika mashindano hayo hadi mwaka 1937. Yeye hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu mjini kwake. Mafundisho yake makuu yalikuwa juu ya kiasi: usingoje njaa ndipo ule, usingoje kiu ndipo unywe, na usiendeshe kwa ajili ya majivuno.

Mafundisho hayo yanaifaa Nyamira kabisa. Huku baiskeli hazikuenea kama katika tambarare za Kisumu na Busia, na lawama hupewa mlima. Kisha pikipiki zikaja, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na vijana wengi wakaiona baiskeli kuwa chombo cha aliyekosa. Sikubaliani nao. Baiskeli ya Black Mamba yenye gia moja itakufikisha ukikubali kuisukuma kwenye mpando mkali, na kusukuma ni sehemu ya safari. Baiskeli yenye gia itakupandisha polepole ukiwa umeketi. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, katika milima inayofanana sana na yetu. Mlima haujawahi kuwa adui wa baiskeli. Adui wake ni haraka.

Lakini fahari kuu ya ufundi huu ni mwendo wake. Anayepanda kilima kwa baiskeli huenda polepole kiasi cha kusalimu na kungoja jibu. Ukisema "Bwakire" kwa Kigusii, mzee aliyeketi mbele ya kibanda hataishia kuitikia. Atakuuliza unatoka wapi, kwenu ni wapi, na kama njia ya chini inapitika baada ya mvua ya jana. Anayeshuka kwa kasi akampita mama mwenye kikapu cha majani bila kumsalimu hajaujua ufundi bado, hata kama breki zake ni kali. Na ukikuta turubai limetandwa kwenye boma la msiba, shuka, sukuma baiskeli hadi uwapite wafiwa, ndipo upande tena. Adabu hii haimo katika kitabu cha baiskeli, ila bila hiyo njia za watu hazikuhusu.

Ardhi ya Wagusii haijawahi kufikiwa na reli, kwa hiyo hatuna reli iliyokufa ya kugeuza njia. Tunazo njia zilizo hai, na katiba ya 2010 imezikabidhi barabara za kaunti kwa serikali za kaunti. Naiomba serikali ya Nyamira, inapotia lami barabara moja, iache ukingo wa kutosha kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Isiruhusu ua wa mtu umeze kijia cha umma. Iweke vibao vya kuonyesha njia za mgongoni kutoka kituo hadi kituo. Nawaomba wazazi wawafundishe watoto baiskeli katika njia hizi, mbali na lami, mabinti sawa na wavulana. Nawe msomaji, kama una baiskeli inayoshika vumbi nyuma ya nyumba, mpelekee fundi azikaze spoki na kuupaka mnyororo mafuta, kisha Jumamosi asubuhi uchague mgongo mmoja wa kilima na uufuate hadi mwisho.