Maneno Machache Angani: Jinsi Timu za Glaida Zinavyotumia Redio

Mashindano ya dunia ya glaida yamejengwa juu ya jambo linaloonekana kujipinga. Bingwa wa kila daraja ni mtu mmoja, na medali huvalishwa yeye peke yake; hata hivyo marubani huja wakiwa timu za taifa, kwa kawaida wawili kwa kila daraja, na wanaruhusiwa kuzungumza kwa redio wakiwa hewani. Glaida haina injini ya kuisukuma katika shindano. Huvutwa hadi juu na ndege nyingine, huachiliwa, kisha rubani hutafuta hewa inayopanda, huzunguka ndani yake hadi apate kimo, na hukibadilisha kimo hicho kuwa mwendo kuelekea kituo kinachofuata. Njia ya siku huwa ya kilomita mia kadhaa, mshindi wa siku anaweza kupata hadi pointi 1,000, na wengine hupewa kulingana na kasi yao. Katika mchezo wa namna hii, mwenzako anaweza kukuambia nini chenye manufaa? Wengi hudhani kwamba timu yenye habari nyingi ndiyo hushinda. Hoja yangu ni tofauti: thamani ya habari angani hutegemea umri wake na umbali ilikotoka, na timu bora ni zile zilizojifunza kusema machache, kwa wakati, kwa mtu aliye karibu vya kutosha kuyatumia. Kipimo hichohicho ndicho kinachofaa kutumika tunapopima sheria za mawasiliano.

Tuanze na hesabu. Rubani anayehitaji mita 1,000 za kimo, akizipata katika hewa inayompandisha mita 2 kwa sekunde, atatumia sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Akizipata kwa mita 3 kwa sekunde, atamaliza kwa dakika 5 na nusu hivi. Tofauti inakaribia dakika tatu, na ikijirudia mara tano katika siku moja inafikia takriban robo saa. Hakuna namna ya kuruka kwa ustadi kati ya mikondo ya hewa inayopanda itakayofidia kwa urahisi hasara hiyo. Hapo ndipo rubani wa pili anapopata maana. Glaida huhisi hewa inayoigusa tu, kwa hiyo mbili zikienda sambamba, zikiachana mita mia chache, hupekua ukanda mpana zaidi kuliko moja. Mmoja akiguswa na hewa nzuri, mwingine hugeuka na kumfuata baada ya sekunde chache. Kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, aliye umbali wa kilomita moja anafika ndani ya sekunde 24, wakati hewa ile bado ipo. Aliye nyuma kwa kilomita 30 anahitaji dakika 12, na mikondo mingi huzaliwa na kufa kwa kipimo cha dakika. Habari ileile, ikitamkwa kwa sauti ileile, kwa mmoja ni mali na kwa mwingine ni kelele.

Ndiyo maana jozi zilizoiva haziongei sana. Wanachopeana ni namba: wastani wa kupanda kwa mzunguko mzima, si mruko wa mshale wa variometa, kifaa kinachopima kasi ya kupanda na kushuka. Upande mmoja wa mzunguko unaweza kuonyesha mita 4 na mwingine mita 1. Anayetangaza nne amemdanganya mwenzake bila kukusudia, na gharama yake ni mwenzake kuacha hewa nzuri kwa ajili ya hewa ya kawaida. Namba nazo hulinganishika tu pale ambapo ndege zenyewe zinalingana. Glaida za mashindano hubeba maji mabawani ili ziwe nzito na ziende kasi zaidi. Mmoja akiwa amejaza na mwingine amemwaga nusu, hawawezi kuteleza sambamba hata wakitaka. Kwa hiyo uzito, kasi ya kuteleza na namna ya kuseti vifaa hukubaliwa chini, kabla ya kupaa. La mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote, ni kanuni ya kungojana. Mmoja akibaki chini kwa mita 200 katika hewa ya mita 3 kwa sekunde, amechelewa zaidi ya dakika moja. Je, aliye juu asubiri? Jozi ambayo haikuamua jambo hili mapema italijadili redioni, na mjadala wenyewe utakula dakika ile ile waliyotaka kuiokoa. Kinachosikika redioni kama utulivu ni matokeo ya makubaliano yaliyofanyika muda mrefu kabla ya siku ya shindano.

Na kiongozi wa timu aliye ardhini, ana kazi gani? Kwa miaka mingi, sauti yake ilikuwa ya huduma kuliko ya mbinu. Katika enzi ambazo marubani walitua mashambani mara kwa mara, wasaidizi waliwafuata kwa magari yanayovuta trela, na redio ilikuwa njia ya kujulishana wapi pa kwenda kuichukua ndege. Kiongozi aliweza kueleza mabadiliko ya hali ya hewa, au kusema nani ameshavuka mstari wa kuanzia, jambo lenye uzito kwa sababu kila rubani huchagua dakika yake ya kuanza na anayetangulia huwa shabaha ya wanaomfuata. Lakini kuhusu hewa yenyewe, mtu wa ardhini alikuwa karibu kipofu. Alijua alichoambiwa na marubani wake, na kufikia wakati anakirudisha kwa mwingine kilikuwa kimezeeka. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, ziliukuta mchezo katika hali hiyo: zinaeleza redio kuwa chombo cha sauti kati ya wana timu wenyewe, na kati yao na waandaaji, na zinazuia misaada ya nje ili shindano libaki kati ya washindani. Mpaka huo ulijilinda wenyewe kwa kuwa ardhi haikuwa na kitu kikubwa cha kusema.

Vifaa vya kufuatilia ndege viliubomoa ulinzi huo. Glaida za mashindano hubeba Flarm, kifaa cha kuonya migongano kilichoanzia Uswisi mwaka 2004, na ishara zake zinaweza kunaswa na vipokezi vya ardhini. Juu ya hapo waandaaji huweka vifaa vyao ili watazamaji wafuate mbio. Sasa mtu aliyeketi kwenye kiti, mbele ya skrini, anaweza kuona kila mshindani anapanda kwa kasi gani na wapi. Dawa iliyochaguliwa ni kuchelewesha picha inayoonwa na umma, na hesabu inaonyesha kwa nini ina nguvu: kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa, glaida husogea kilomita 30 katika dakika 15. Januari 2020, katika mashindano ya dunia ya wanawake huko Lake Keepit, Australia, ilibainika kuwa timu ya wenyeji ilikuwa ikifikia data ya ufuatiliaji ambayo haikucheleweshwa, na marubani wake walikatwa pointi. Tukio hilo halionyeshi kwamba mawasiliano ni mabaya. Linaonyesha kwamba skrini isiyocheleweshwa huvunja uhusiano wa kale kati ya umbali na umri wa habari: aliye mbali kabisa na hewa ndiye mwenye habari mpya kabisa, tena za washindani wote kwa pamoja.

Pingamizi la kwanza linasema: kama hoja ni usawa, basi redio ya timu nayo ipigwe marufuku, maana ubingwa ni wa mtu mmoja. Hoja hii ina uzito, na mchezo wenyewe umeijibu kwa kuanzisha mfumo wa pembeni: Grand Prix ya glaida, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2005 huko Saint-Auban, Ufaransa, ambako wote huanza kwa pamoja na kuruka kwa jozi hakuruhusiwi. Lakini kuufanya mfumo huo kuwa sheria ya mashindano yote ni kufuta stadi halisi. Namba anayoitoa mwenzako aliipata kwa kuruka. Aliihatarisha nafasi yake kuitafuta. Namba inayotoka kwenye skrini ilitafutwa na wapinzani, ikachukuliwa bila wao kujua. Isitoshe, marufuku ya sauti haitawafanya marubani waruke wapweke: bado watakusanyika katika makundi na kufuatana kwa macho, na yule mjanja atakayekaa nyuma akivuna kazi ya wengine hatahitaji redio hata kidogo.

Pingamizi la pili ni la nchi ndogo: taifa lenye rubani mmoja halina wa kuzungumza naye, wakati mataifa makubwa yanajaza kila daraja. Ni kweli kwamba mpweke ana hasara. Ila ukomo wa idadi kwa kila daraja huzuia wingi wa watu usigeuke kuwa ushindi. Ujerumani, pamoja na maelfu ya marubani wake, haiwezi kutuma kikosi cha watu kumi katika daraja moja. Uholanzi, nchi ndogo na tambarare, ilitoa bingwa wa dunia Châteauroux mwaka 1978, Baer Selen, na mwingine Hobbs, Marekani, mwaka 1983, Kees Musters. Wawili waliozoeana wanatosha, na kuzoeana hununuliwa kwa saa za kuruka pamoja, gharama ambayo taifa dogo linaweza kuimudu.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi leo: data ipo hewani, haizuiliki, basi wapewe wote. Hapa watu huchanganya kupatikana na kutumika. Ikigawiwa kwa wote, timu yenye wachambuzi wengi na programu bora ndiyo itakayofaidi, na rubani wa nchi ndogo aliyetetewa katika pingamizi la pili atakuwa wa kwanza kuumia. Pia macho ya rubani aliye ndani ya kundi la glaida kumi zinazozunguka pamoja yanatakiwa kuwa nje, si kwenye skrini. Kwa hiyo waandaaji wanaotaka sheria ishike wasianze na kuwachunguza viongozi wa timu mmoja mmoja. Waanze kwa kuichelewesha data kwenye chanzo, kabla haijamfikia mtu yeyote asiye mwamuzi. Na timu zinazotaka kupanda ngazi zisitumie bajeti yao kununua macho ya ziada ardhini. Ziwaweke marubani wawili katika ndege zinazolingana kwa misimu kadhaa, hadi namba moja ya wastani kutoka kwa mmoja itoshe kumfanya mwenzake ageuke bila kuuliza.