Simulizi ya Mwongoza Watalii katika Kikanisa cha Sistina

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitafuta kazi yao mahali panapojulikana: jandoni, penye ngoma, penye msiba, penye moto wa jioni. Ni nadra kumtegea sikio mtu ambaye kila siku husimama mbele ya hadhira ngeni, akaisimulia kisa kile kile kwa mpango ule ule, akapokea ujira wake, kisha akaikabili hadhira nyingine. Mtu huyo ni mwongoza watalii. Hadhira anayo, jukwaa analo, mafungu ya maneno yaliyokwisha kukomaa kinywani anayo, na aghalabu kazi yake hupokezanwa kwa mdomo hata pale asili yake inapokuwa vitabuni. Makala haya yanaichunguza simulizi hiyo mahali pamoja tu, yaani katika Kikanisa cha Sistina huko Vatikani, kwa sababu hapo ipo sheria moja iliyoipa umbo lake la pekee: msimulizi haruhusiwi kusimulia ndani ya jengo analolisimulia.

Kikanisa hicho kilijengwa kwa amri ya Papa Sixtus IV, na jina lake limetokana na jina la Papa huyo. Urefu wake ni karibu mita 41, upana zaidi kidogo ya mita 13, na kimo karibu mita 21. Kwa hiyo si jengo kubwa. Nalo ndilo kilele cha ziara katika Makumbusho ya Vatikani, ambayo mwaka 2019 yalipokea wageni zaidi ya milioni 6. Lau kila mwongozaji angepaaza sauti humo, kila mmoja kwa lugha yake, pasingesikika neno. Basi sheria ni kwamba maelezo yote hutolewa nje, katika ua wenye koni kubwa ya shaba ya msonobari, ambako yamesimamishwa mabango yenye picha za dari na za ukuta wa altare. Msimulizi huyanyoshea mabango hayo kidole, humaliza kisa chake, halafu huiongoza hadhira kupitia kumbi ndefu za vitambaa vilivyofumwa na za ramani, hata wafike mlangoni. Hapo hunyamaza. Ndani, mwenye haki ya kupaaza sauti ni mlinzi, naye hupaaza ili kuamuru kimya.

Katika usimulizi wa kawaida neno na kitu hukaa pamoja. Mzee anayeeleza kaburi la kale husimama penye kaburi. Akikosea, jiwe lenyewe humsuta. Katika Sistina neno limetangulia, na kitu kinakuja baada ya mwendo mrefu wenye msongamano. Msimulizi anajua kwamba sehemu kubwa ya maneno yake itadondoka njiani. Kwa hiyo huchagua kile kitakachofika: ishara chache, kila moja ikiwa imefungwa katika kisa kifupi. Tazameni vidole viwili visivyogusana. Tazameni ngozi iliyochunwa aliyoishika Mtakatifu Bartolomayo, kwani uso ulio juu yake ni wa msanii mwenyewe. Tazameni pembeni chini, yule mwenye masikio ya punda. Hadhira huingia ikiwa kama wawindaji waliokwisha kuelezwa mnyama yuko kichaka kipi. Hupekua macho darini, huona, hunong'onezana, huridhika. Kwa upande wa fani huo ni ustadi usiostahili kudharauliwa. Taharuki imejengwa uani na kufunguliwa ndani bila msimulizi kutamka neno.

Kasoro iko katika maudhui, nayo inaanza na shujaa. Simulizi ya Sistina, jinsi inavyotolewa kwa kawaida, si maelezo ya jengo bali ni mghani wa Michelangelo. Shujaa huyu analazimishwa na mtawala, Papa Julius II, kufanya kazi asiyoitaka, kwa kuwa yeye ni mchongaji wala si mpaka rangi. Anagombana na mtawala, anawafukuza wasaidizi, anapanda jukwaani peke yake mwaka 1508, analala chali miaka minne, na mwaka 1512 anashuka akiwa ameishinda dari. Msomaji wa habari za Fumo Liyongo ataitambua mara moja mifupa ya kisa hiki: mtu mmoja mwenye kipawa, mfalme mwenye hila, na ushindi usio na mshirika.

Mifupa hiyo ni mizuri, lakini nyama yake si ya kweli yote. Michelangelo hakulala chali. Alibuni jukwaa la kusimamia, na katika shairi alilomwandikia rafiki yake Giovanni da Pistoia alilalamika jinsi mwili ulivyopindika kwa kazi hiyo, akachora pembeni mtu aliyesimama, kichwa kakitupa nyuma, mkono umeinuliwa juu. Ushahidi huu umetoka mkononi mwa shujaa mwenyewe, na bado picha ya mtu aliyelala imeushinda, ikisaidiwa na filamu ya mwaka 1965 iliyotokana na riwaya ya Irving Stone. Wala hakuwa peke yake. Walikuwako wa kusaga rangi, wa kuchanganya chokaa, wa kupaka lipu, wa kuhamisha michoro kutoka karatasini hadi ukutani. Inashangaza kidogo kwamba simulizi inayosikilizwa na watu ambao wengi wao huishi kwa kazi ya mikono imekubali kwa wepesi kiasi hiki kuifuta mikono ya wengine.

Visa vya Hukumu ya Mwisho, ambayo Michelangelo aliipaka ukuta wa altare kati ya 1536 na 1541, vina hali tofauti. Kisa cha Biagio da Cesena, ofisa wa Papa aliyelalamikia uchi wa wale watu na kujikuta amechorwa jehanamu na masikio ya punda, hutolewa kama tashtiti, na hadhira hucheka. Hukolezwa kwa jibu la Papa Paul III, ambaye yasemekana alimwambia mlalamishi kwamba mamlaka yake hayafiki motoni. Lakini nyuma ya kicheko hicho lipo swali zito, nalo ni kama mwili mtupu una nafasi mahali pa ibada. Kanisa lenyewe lililijibu swali hilo. Mwaka 1564, ule ule aliokufa Michelangelo, iliamuliwa uchi ufunikwe, na kazi ikafanywa na Daniele da Volterra, mtu aliyekuwa karibu naye. Ukuta huo uliposafishwa kati ya 1990 na 1994, baadhi ya vifuniko vilivyoongezwa baadaye viliondolewa, na vile vya karne ya 16 vikaachwa kama sehemu ya historia ya ukuta. Hapa msimulizi ameshika uzi mzuri sana. Kwa kawaida huuachilia mara kicheko kinapokwisha.

Kinachopotea zaidi ni kuta za ubavuni. Mwaka 1481 na 1482, yaani zaidi ya robo karne kabla Michelangelo hajapanda jukwaani, kundi la wasanii, wakiwamo Botticelli, Perugino, Ghirlandaio na Cosimo Rosselli, walizipaka kuta hizo habari mbili zinazotazamana: upande mmoja maisha ya Musa, upande wa pili maisha ya Yesu. Mpangilio huu si pambo. Ni hoja, na hoja yake ni ya mamlaka. Chukua jozi moja tu. Perugino amemchora Petro akipiga goti kupokea funguo. Mkabala wake Botticelli amechora adhabu ya Kora na wenzake walioasi ukuhani wa Haruni, na Haruni huyo amevikwa kichwani taji la Papa. Nyuma yake yapo matao ya kishindo ya Kirumi yenye maandishi yanayoonya kwamba mtu asijitwalie heshima hiyo asipoitwa na Mungu kama Haruni alivyoitwa. Kwa Perugino nako yapo matao, na maandishi yake yanamlinganisha Sixtus IV na Sulemani, yakimpa Sulemani ushindi wa mali na Sixtus ushindi wa dini. Anayeketi kati ya kuta hizi mbili ameketi kati ya ahadi na tishio.

Na wanaoketi hapo wanajulikana. Tangu mwaka 1878 kila uchaguzi wa Papa umefanyika katika kikanisa hiki. Mnamo Mei 2025 makardinali 133 walipiga kura humo hata akapatikana Leo XIV, na kwa siku kadhaa watalii walifungiwa mlango. Kila mwongozaji huutaja uchaguzi huo, moshi mweusi na moshi mweupe, kwa kuwa hadhira huupenda. Lakini hutajwa kama tukio lililokodi ukumbi wa sanaa kwa muda. Uhusiano wa kura na kuta haufungwi. Msikilizaji huondoka akijua rangi ya moshi asijue kwamba juu ya vichwa vya wapiga kura ardhi inawameza waasi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa simulizi inayohakikiwa hapa: imemtoa mtawala wa nyumba katika nyumba, ikambakiza msanii pekee, na hivyo sanaa ikaonekana kuwa kitu kisichoamrishwa na mtu wala kumtumikia mtu.

Aidha, si wengi wanaoambiwa kwamba Hukumu ya Mwisho imekaa juu ya kaburi la picha nyingine. Perugino alikuwa amechora ukutani pale mwanzo wa habari zote mbili, kuokotwa kwa Musa na kuzaliwa kwa Yesu; zikaondolewa kumpisha Michelangelo, ambaye alifuta pia sehemu ya kazi yake mwenyewe ya awali. Ndiyo maana leo habari za kuta zinaanzia katikati.

Lipo pia jambo la mlango. Mlango mkuu wa kikanisa uko upande unaokabili altare. Aliyeingia kwa huo, kama walivyoingia watu wa ibada, alikutana kwanza darini na Nuhu aliyelewa, akaendelea kwenye gharika, anguko, Hawa, Adamu, hata akafikia juu ya altare pale Mungu anapotenga nuru na giza. Yaani alitembea kutoka aibu ya mwanadamu kuelekea chanzo. Watalii wa leo huingizwa kwa mlango mdogo ulio katika ukuta wa altare wenyewe, chini ya Hukumu ya Mwisho, wakiwa wameipa mgongo. Wao huanza na nuru na kuishia kwa mlevi. Hakuna wa kulaumiwa kwa utaratibu huo wa kuwapitisha watu wengi. Hata hivyo mwongozaji, ambaye ana saa nzima uani, angeweza kuwaambia wanaosoma kitabu kwa kuanzia ukurasa wa mwisho kwamba ndivyo wanavyofanya.

Kuhusu kimya chenyewe, na kuhusu marufuku ya kupiga picha, simulizi ya kawaida husema kimya ni heshima ya mahali patakatifu na marufuku ni kinga ya rangi dhidi ya mwanga wa kamera. La kwanza ni kweli, ingawa kimya kinacholetwa na kipaza sauti ni kimya cha aina yake. La pili lina historia nyingine. Usafishaji wa dari ulioanza mwaka 1980 ulifadhiliwa na kampuni ya televisheni ya Japani, Nippon, nayo ikapewa haki ya picha kwa muda maalumu. Muda huo ulikwisha zamani. Marufuku ikabaki, ikatafutiwa sababu nyingine. Mtaalamu wa visasili hatashangaa. Ndivyo miiko mingi inavyoishi baada ya chanzo chake kusahauliwa.

Swali linalowahusu wasomi wa Kiswahili ni hili: simulizi hii ikitolewa kwa Kiswahili, kwa mahujaji na wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaofika Roma, itafsiriwe kama ilivyo au itungwe upya? Makala haya yanashikilia kwamba itungwe upya, na sababu ni hadhira. Hadhira ya Kiswahili haihitaji kuelezwa Adamu, Hawa na Nuhu ni nani. Majina hayo ni ya Mwislamu na ya Mkristo kwa pamoja. Hata mtu mkubwa kuliko wote darini, nabii aliyeegemea nyuma juu ya altare, ambaye simulizi ya kawaida humpita au humsifia ujanja wa umbo tu, kwa hadhira hii anayo majina mawili, Yona na Yunus. Mkristo atakumbuka siku tatu ndani ya samaki kama mfano wa kufufuka. Mwislamu ataikumbuka dua aliyoiomba Yunus gizani. Msimulizi akianza na nabii huyu badala ya vidole viwili, hadhira itaingia ndani ikiwa na ufunguo, kwa maana chini ya Yona yuko Kristo wa Kiyama, na juu yake ndiko uumbaji unakoanzia.

Ugumu uko kwingine. Wale wanawake watano waliochanganywa na manabii, mmojawapo akiitwa kwa jina la Libya, hawana jina letu. Kuwaita manabii wa kike ni kuwabatiza, na kuwaita waganga ni kuwashusha. Neno kahini liko karibu, ingawa limezoea kutumiwa kwa lawama.

Ama ufundi wenyewe wa kupaka rangi juu ya lipu mbichi, ambao waongozaji huusemea maneno mengi, kwa mtu wa pwani hauhitaji maneno mengi. Katika nyumba za mawe za Lamu chokaa inajulikana tabia yake. Mtu kama huyo akiambiwa kwamba picha ya gharika, miongoni mwa za kwanza kuchorwa, ilimea kuvu kwa sababu mchanganyiko ulikuwa na maji kupita kiasi, hataulizia kipawa cha Michelangelo. Atauliza chokaa ilichanganywa na nini, na msimulizi yafaa awe na jibu: ni udongo wa volkano wa nchi ile ya Roma, ambao mtu wa Firenze alikuwa bado hajauzoea.