Juu Tayari, Chini Bado: Bonsai Katika Nchi ya Chai

Mti wa chai ukiachwa ujiotee hupita mita 10. Kericho na Bomet ya juu, wengi wameishi maisha yao yote katikati ya chai bila kuuona mti wa kimo hicho, isipokuwa labda kwenye shamba lililotelekezwa ndugu wakivutana mahakamani juu ya urithi. Mingine yote inaishia kiunoni mwa mchumaji. Baadhi imeshikiliwa hapo tangu miaka ya 1920, wakati makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kupanda chai Kericho.

Kwa macho ya mpenzi wa bonsai, ufundi wa kulea mti mdogo chunguni, huo ni mti mkubwa uliodumazwa kwa makusudi na bado una afya. Wakulima wa huku wana nusu ya ufundi huo mikononi, na wengi hawajui kwamba wanao.

Nusu hiyo ni ya juu ya ardhi. Mche ukishashika shambani hukatwa sentimita 15 hivi kutoka chini. Mgeni huona ni ukatili, lakini sababu yake iko wazi: kichipukizi cha juu kabisa hutengeneza homoni ya oksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasiamke. Ncha ikiondoka, macho huamka. Kisha wapo wanaoyalaza matawi machanga kwa vigingi ili yatandae badala ya kupanda. Mtu wa bonsai hufanya jambo hilohilo kwa waya.

Baada ya hapo ni kuchuma, majani mawili na kichipukizi, kila siku 7 hadi 14, fito ikilazwa juu ya meza ya chai, yaani uso bapa wa juu ya miti, ili kilichozidi kionekane. Kila miaka 3 au 4 mti hupogolewa hadi vibaki vigogo vitupu, sentimita 5 hivi juu ya jeraha la zamani. Ukipangua majani na kuchungulia chini ya meza, historia yote iko pale: vifundo juu ya vifundo, gome la kijivu lenye kuvumwani, tawi lililogeuka ghafla upande wa pili pale kisu kilipopita. Wajapani hulipa fedha nyingi kwa shina la namna hiyo. Huku, chai ya mbegu iking'olewa kupisha aina mpya, visiki vyake huishia jikoni.

Wakati wa kukata nao si wa kubahatisha. Kazi hiyo hufanywa zaidi miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na matawi yaliyokatwa huachwa juu ya kisiki ili jua lisichome gome. Mti uliopogolewa hauna jani hata moja, kwa hiyo unaishi kwa wanga uliowekwa mizizini. Wataalamu wa chai hukata kipande cha mzizi na kukipaka iodini: kikigeuka rangi ya buluu nyeusi, akiba ipo, kikibaki na rangi ya kahawia, mti usubiri. Ni kipimo rahisi, na mwenye bonsai angefaa kukiiga kabla ya kupogoa kwa nguvu.

Mkulima wa chai hajawahi kuhitaji kazi ya chini. Shambani mizizi iko huru, ilhali chungu cha bonsai hakina kina, na kila baada ya miaka 2 au 3 mti hutolewa, theluthi moja hivi ya mizizi ikakatwa, kisha ukarudishwa kwenye udongo mpya. Chai ya mbegu ina mzizi mkuu unaozama moja kwa moja. Ile ya vipandikizi, kama TRFK 6/8 iliyotoka kituo cha utafiti cha Kericho, haina mzizi huo. Mizizi yake hutawanyika kuanzia pale kipandikizi kilipokatwa, na hivyo hukubali chungu upesi. Bahati mbaya mashina manene ya zamani ni ya mbegu. Kisiki cha aina hiyo kisitolewe kwa siku moja. Kichimbiwe mtaro nusu ya mzunguko mwaka huu na nusu nyingine mwaka ujao, ili vizizi vyembamba viote karibu na shina, kisha kihamie kwenye kasha la mbao lenye kina. Chungu chembamba kitafuata miaka kadhaa baadaye.

Udongo unataka kupitisha maji haraka. Pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Naivasha na Longonot, ikichekechwa vumbi lote likatoka, inafaa kabisa. Kinachoharibu ni jivu la jikoni. Chai inataka udongo wenye asidi, pH kati ya 4.5 na 5.6, na wakulima wanajua kwamba palipokuwa na nyumba au boma la zamani, penye jivu la miaka mingi, miche hugeuka njano na kudumaa vibaya.

Lakini si Bomet yote inayochuma chai; Chebunyo haichumi. Iko upande wa chini wa Bomet, Chepalungu, kwenye joto na mvua chache, na watu wake ni wa ng'ombe na maziwa. Anayetaka bonsai huko asihangaike na chai, ambayo hata ikitii ina kasoro moja: jani lake ni kubwa mno kwa mti mdogo. Afadhali emitiot, mzeituni mwitu. Una jani dogo na mbao ngumu, huchipua hata kwenye kigogo kikongwe, na mbuzi huwa wameshaupogoa miaka mingi. Wafrika Kusini wameulea vyunguni kwa miongo kadhaa.

Mgunga ni mgumu zaidi kwa sababu ya miiba na mzizi mrefu, ila umbo lake lina heshima yake. Charles Ceronio wa Pretoria alikataa kuulazimisha uwe pembetatu kama msonobari wa Japani. Akaufuata mwavuli ulio bapa juu, na mtindo huo akauita Pierneef, jina la mchoraji wa mandhari za Afrika Kusini.

Kwa kuelekeza matawi, waya wa shaba wa kebo kuukuu, uliochunwa plastiki na kupashwa moto hadi ulegee, unatosha. Uzungushwe kwa mshazari wa nyuzi 45 na utolewe kabla haujazama kwenye gome.

Anayeanza atafute kisiki kwenye ua wa shamba lake au la jirani aliyekubali. Msitu wa Chepalungu ni wa umma, na sheria ya misitu ya 2016 hairuhusu kung'oa mti humo bila kibali.